Kitulo, Bustani ya Mungu: maswali mnayoniuliza kila mwaka mvua zikianza

Kila ikifika mwisho wa Novemba meseji zinaanza kuingia, Kitulo vipi, maua yametoka, nije na gari gani, mara kuna simba huko, sasa nimeamua kuyaweka maswali yote sehemu moja ili mtu akiniuliza namtumia link naendelea na shughuli zangu. Mi sio mfanyakazi wa TANAPA, lile shirika la hifadhi za taifa, na siuzi safari, ni mkazi wa Mbeya tu niliyeshikwa na ugonjwa wa maua. Mambo ya bei na vibali waulizeni wenyewe wahusika, haya mengine tuongee.

Kitulo ni nini hasa na iko wapi?

Ni hifadhi ya taifa kama Mikumi au Ruaha, ila hii iko Nyanda za Juu Kusini, sehemu kubwa iko Makete mkoa wa Njombe na upande mwingine inaingia mkoa wa Mbeya. Ni uwanda wa juu, yaani unapanda mlima weee, ukifika juu badala ya kilele unakuta nchi nyingine kabisa ya majani na vilima vilima, mwinuko wa kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Mlima Mtorwi uko huko huko, una mita 2,961, unaupita Rungwe kwa mita moja tu na watu wa Tukuyu hawapendi kulisikia hilo.

Kwa ukubwa ni kilomita za mraba 412.9. Serengeti ni 14,763, kwaiyo Kitulo inaingia ndani ya Serengeti mara 35 na chenji inabaki. Ni ndogo. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, wataalamu wa mimea nao wakaiita Serengeti ya maua, na majina yote mawili nayakubali ila la wenyeji ndio limekaa vizuri zaidi mdomoni.

Rais Mkapa alitangaza mwaka 2002 kwamba itakuwa hifadhi, ikaandikishwa rasmi 2005, na ndio ya kwanza kwenye Afrika yote ya tropiki kuanzishwa kwa ajili ya mimea. Hizo nyingine nyingi unazozijua zilianza kwa sababu ya wanyama, mimea ikapata lifti tu. Kwenye ramani za zamani utakuta uwanda umeandikwa Elton, huyo ni Frederic Elton, Mwingereza aliyepita pale 1877, na wala hakukaa.

Kuna simba? Tembo?

Hakuna. Kama unataka simba nenda Ruaha, haiko mbali sana kutoka huku. Kitulo utakutana na tohe wachache kama una bahati, ndege wa kutosha, vyura, vinyonga, vipepeo, basi. Na kwa sababu hakuna mnyama wa kukutafuna ndio maana unatembea kwa miguu, unainama, unapiga magoti kwenye majani yaliyolowa unaangalia ua lenye ukubwa wa ukucha. Mtu aliyezoea kukaa ndani ya gari na kuchungulia juu ya paa atapata shida kidogo siku ya kwanza. Kuna jamaa nilimpeleka akaniuliza "sasa tunaenda kuangalia nini?" na tulikuwa tumesimama katikati ya okidi, nikamwambia angalia chini bro, umeshazikanyaga mbili.

Kuna maua gani sasa?

Hesabu inayotajwa ni kama aina 350 za mimea, humo ndani okidi za ardhini peke yake ni aina 45, na zaidi ya 30 katika hiyo mimea hazipatikani nje ya Tanzania, zingine hata ukishuka tu hapo chini Chimala huzioni tena, zimezaliwa kwenye hii milima na hazina kwao pengine. Udongo ni wa volkano, mvua ni nyingi, baridi ipo, na mchanganyiko huo huupati sehemu nyingi.

Ukisikia okidi usifikirie yale maua makubwa ya kwenye chungu hotelini. Hizi zinaota kwenye ardhi katikati ya majani, nyingi fupi, unaweza ukapita juu yake. Kuna za jamii ya Disa, kuna Satyrium zinazosimama na shada refu la waridi au rangi ya chungwa, kuna Habenaria za kijani na nyeupe ambazo kwa mbali unaona ni jani tu, ukisogea unakuta ua lina vidole na mkia na vitu vingine ambavyo hujui ni vya kazi gani. Nyingi zinamngoja mdudu fulani mwenye ulimi wa urefu fulani, mdudu mwingine akija anaondoka mikono mitupu.

Mbali na okidi kuna Kniphofia, lile lenye kichwa kirefu chekundu juu na njano chini, hilo ndio linaloonekana kwenye picha nyingi. Kuna protea, kuna shubiri za porini, kuna lobelia ndefu kumpita mtu, kuna jamii ya irisi za njano na zambarau, kuna jerania, yungiyungi, na vile vi-asta vidogo vidogo ambavyo hakuna anayevipiga picha lakini ndivyo vinavyojaza uwanda rangi.

Niende mwezi gani?

Desemba mpaka Aprili, kwisha. Ndio najua ni mvua, najua barabara, najua kila mtu atakwambia "subiri kiangazi". Ukienda Juni hadi Agosti utakuta majani makavu, ukungu na baridi ya kuganda, usiku jalidi inashuka asubuhi unakuta majani meupe, mandhari ni nzuri lakini maua utayasikia kwa watu. Septemba hadi Novemba mwanzoni ni kuzuri kwa kutembea milimani maana kunakuwa na jua.

Kitu ambacho watu hawakielewi ni kwamba maua hayatoki yote kwa siku moja. Yanapokezana. Mvua za kwanza zinaamsha vile vyenye vitunguu na viazi chini ya ardhi, vinatoka haraka kabla majani hayajarefuka yakavifunika, alafu vinafuata vingine, vingine, ukienda Krismasi na ukienda Machi umeona hifadhi mbili tofauti. Kwaiyo swali la "wiki gani ni ya peak" mi silipendi, kila wiki kuna kitu kiko kileleni. Ukinibana sana nitasema Februari.

Nimesikia watu wanakula okidi, ni kweli?

Ni kweli, na hii ndio stori yenyewe ya Kitulo, bila hii pengine hifadhi isingekuwepo.

Zambia kuna chakula kinaitwa chikanda. Wanachukua viazi vya okidi vilivyokaushwa, vinatwangwa vinakuwa unga, unachanganywa na karanga za kusaga, pilipili, chumvi na magadi, inapikwa huku unasonga mpaka inashikana, ikipoa inakatwa vipande. Nje kahawia, ndani ya waridi hivi, ukila unaweza ukadhani ni nyama. Kwa asili ni chakula cha Wabemba wa kaskazini mwa Zambia lakini siku hizi kinauzwa mpaka sokoni Lusaka na supamaketi, na Waswahili wenzetu wa Lubumbashi nao wanakijua vizuri. Mi sina ugomvi na chakula cha mtu. Kilikuwa chakula cha kijijini, mama anaingia porini anachimba kidogo anapika nyumbani, hakuna shida hapo.

Shida ilianza kilipoingia mjini. Watu wakawa wengi, viazi vya Zambia vikapungua porini, wafanyabiashara wakageukia huku kwetu. Miaka ya tisini mwishoni na 2000 mwanzoni magunia yalikuwa yanashuka kutoka Makete, Mbeya, Sumbawanga yanaelekea Tunduma, yanavuka. Utafiti uliofanyika miaka hiyo ukakadiria kwamba viazi hadi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vinatoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia. Milioni nne, na kila kiazi ni mmea mmoja uliong'olewa. Mchimbaji mwenyewe alikuwa anapata hela kidogo sana, kama kawaida, aliyenenepa ni yule wa katikati mwenye gari.

Sasa kwa nini kuchimba kunaua okidi wakati muhogo unachimbwa na maisha yanaendelea? Hizi okidi chini zina viazi viwili. Kimoja ni cha msimu uliopita, ndicho kinacholisha ua unaloliona sasa hivi na kinasinyaa taratibu. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa, hicho ni akiba ya mwakani. Mchimbaji anataka kile kigumu, kile laini anakitupa. Kwaiyo umechukua mwakani yote ya huo mmea. Na kwa kuwa aina zenyewe ni ngumu kuzitofautisha kwa macho, mtu anachimba chochote kinachofanana na anachokitafuta, cha kawaida na kile adimu vinaingia gunia moja.

Sasa si zitaota tena kwa mbegu?

Zitaota ila sio kwa spidi unayofikiria. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, tunda moja linatoa maelfu, upepo unazibeba. Lakini hiyo mbegu haina chakula chochote ndani, tofauti na harage au hindi. Ili iote lazima iangukie penye fangasi fulani wa kwenye udongo, fangasi anaingia ndani ya mbegu, ndio anailisha mpaka ipate jani lake la kwanza. Bila fangasi huyo hakuna mmea. Alafu kutoka hapo mpaka itoe ua ni miaka, sio miezi. Sehemu iliyochimbwa sana inaweza kukaa muda mrefu unaona majani tu, umepita mwaka wa kwanza, wa pili, kimya.

Basi nichimbe moja tu nikapande nyumbani kwangu

Hapana. Kwanza ni kosa, ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kuchukua mmea, mbegu, wala jiwe, na okidi zote duniani ziko kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara yake kuvuka mipaka. Pili itakufa. Umeshasoma habari ya fangasi hapo juu, ukiihamisha Dar kwenye joto na udongo wa duka utakuwa unamwagilia kaburi. Ukitaka okidi ya nyumbani nunua zile zinazozalishwa na wauza maua, zinavumilia.

Na kulima chikanda shambani ndio suala ambalo watafiti wamekuwa wakihangaika nalo, kuotesha mbegu maabara pamoja na fangasi wake, ila usitegemee kesho asubuhi mkulima wa Makete aache viazi mviringo alime okidi.

Mbona eneo lote liko wazi, kwa nini wasipande miti?

Hili swali linaniuma kidogo maana linaulizwa na watu wenye nia njema kabisa. Tumekua na "kata mti panda mti" shuleni, tukaamini kwamba pasipo na mti pameharibiwa. Sasa mtu anasimama Kitulo anaona majani mpaka upeo wa macho anasema serikali ipeleke miche hapa.

Jamani, pale hakujakatwa msitu. Ni uwanda wa majani kwa asili yake, majani na maua yake yameishi hapo muda mrefu kuliko shamba lolote. Baridi ya usiku inaua miche ya miti mingi, moto umekuwa ukipita tangu zamani, maji yanatuama mabondeni, miti inajikusanya kwenye makorongo na kwenye mteremko wa Livingstone ambako kuna msitu wa kweli. Okidi ya ardhini inataka jua, ukiiwekea kivuli cha paini inakufa bila mtu kuichimba. Zamani kwenye Nyanda za Juu Kusini ilipandwa sana paini na miwati kwa ajili ya mbao, nguzo na magome, sio vibaya kwenye shamba la mtu, lakini hiyo miti inatoroka. Mbegu zinapeperuka, unakuta kamche kamoja katikati ya uwanda, miaka kumi baadae ni kichaka, chini yake hakuna kitu zaidi ya majani makavu ya paini. Mwati ndio kabisa, ukiukata unachipua, ukiuchoma mbegu zake zinaamka zote.

Alafu kuna maji. Uwanda wa majani unanyonya mvua unaiachia taratibu, vijito vya Kitulo vinashuka upande mmoja kwenda bonde la Usangu kuingia mto Ruaha Mkuu, upande wa pili kwenda Ziwa Nyasa. Ule mchele wa Mbeya mnaousifia Dar unalimwa Usangu kwa maji yanayotoka milima ya huku juu, maji hayo hayo yakivuka Usangu yanaenda kunywesha wanyama wa hifadhi ya Ruaha, yakifika Mtera na Kidatu yanazungusha mitambo ya umeme. Misitu minene ya miti ya kigeni inakunywa maji mengi kuliko majani mafupi. Kwaiyo mtu akija na mradi wa kupanda miti milioni juu ya uwanda, mi nitakuwa wa kwanza kupinga, na nitakuwa upande wa mazingira.

Na moto? Niliona sehemu imeungua yote nikasikitika

Inategemea moto umewashwa lini. Moto mdogo wa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, unapita juu juu haraka, viazi na vitunguu viko chini havisikii kitu, na mimea mingi ya pale imezoea, baada ya moto na mvua ya kwanza ndio inatoa maua kwa fujo kwa sababu majani marefu hayapo ya kuifunika. Moto mbaya ni ule wa mwisho wa kiangazi, Oktoba, kila kitu kimekauka, upepo unavuma, unaingia mpaka ndani ya msitu na msitu haujazoea moto hata kidogo. Mara nyingi unaanzia nje, mtu anasafisha shamba au anataka majani mapya ya ng'ombe, unamshinda.

Wenyeji wanafaidika au wamefukuzwa tu?

Swali la haki hili na jibu lake sio fupi, ila nitasema ninachokiona. Wanaoizunguka Kitulo ni Wakinga, Wawanji, Wasafwa, Wanyakyusa, watu wa kazi, viazi mviringo vya huko vinalisha nchi, kuna ngano, pareto, siku hizi na matofaa. Kabla ya hifadhi uwanda ulikuwa malisho na njia ya kupita kutoka kijiji hadi kijiji, na hao watu wamepoteza malisho, tusizunguke. Kilichopatikana ni maji ya uhakika, kazi chache za ulinzi na kuongoza wageni, na biashara ya gesti na chakula pale Matamba, kwenye ofisi za hifadhi, wageni wanapokuja. Shida ni kwamba wageni bado wachache. Kaskazini huko kuna foleni ya magari nyuma ya chui mmoja, huku unaweza kumaliza siku nzima hujaona gari la pili. Kwangu mimi mtembeaji ni raha, kwa mama mwenye mgahawa Matamba sio raha. Ndio maana nawaambia mkija msibebe kila kitu kutoka mjini, nunueni huko huko, lipeni mtu wa kuwaongoza hata kama mna GPS.

Ng'ombe mtakaowaona njiani, wale weusi na weupe wakubwa, ni wa shamba la mifugo la Kitulo, shamba la maziwa la serikali la siku nyingi ambalo limepakana na hifadhi. Sio kwamba wamevamia.

Kipunji ni nini, na nitamwona?

Kipunji ni nyani, au tumbili mkubwa ukipenda, kahawia mwenye manyoya marefu na kishungi kichwani kilichosimama wima, anaishi msituni. Wanyakyusa wawindaji walikuwa wanamjua na jina ni la kwao, watafiti walikuwa wanasikia tu habari zake wakidhani ni hadithi, mwaka 2003 wakamwona mlima Rungwe, baadae kwenye msitu wa Livingstone ambao uko ndani ya hifadhi ya Kitulo. Akatangazwa 2005, na mwaka uliofuata ikaonekana hafanani na jenasi yoyote iliyokuwepo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, akapewa yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Fikiria mnyama mkubwa hivyo, anapiga kelele asubuhi, na vitabu havina habari zake mpaka juzi. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilikuta kama 1,117 tu, wa huku na wa Udzungwa ukijumlisha.

Kumwona ni ngumu. Hakai uwandani kwenye maua, anakaa juu ya miti kwenye miteremko ya msitu, na ni mwoga. Usije Kitulo kwa ajili yake, akitokea mshukuru Mungu.

Ndege je?

Wapo wa maana. Mbayuwayu wa buluu anazaliana pale wakati wa mvua, anajenga kwenye mashimo ya ardhini kama yale yaliyochimbwa na muhanga, mvua zikiisha anaondoka kwenda pande za Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya. Amebaki mchache duniani kwa sababu anataka majani ya milimani tu na yanalimwa kila mahali. Kuna tandawala wanaotembea uwandani kama wana kikao. Kuna chiriku wa Kipengere ambaye ni wa Tanzania tu. Wapenzi wa ndege wana orodha ndefu zaidi, mi hapa naishia.

Nafikaje?

Fika Mbeya kwanza, kwa basi, treni ya TAZARA au ndege ya Songwe. Kutoka hapo njia ni mbili.

Ya kwanza unarudi barabara kuu ya Dar kama kilomita 80 mpaka Chimala, unakata kulia kupanda mlima kwenda Matamba, ambako ndio kuna ofisi za hifadhi. Huo mlima unaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake. Ziko 57 kweli, zinapanda ukuta wa bonde la ufa, kila kona unaliona bonde la Usangu linazidi kuwa chini. Ni barabara ya kuombea, haswa mvua ikinyesha, na madereva wa Matamba wanaipanda huku wanaongea na simu. Kama unaendesha mwenyewe hujaizoea panda mchana, gari iwe juu na breki ziwe zimekaguliwa, wakati wa kushuka tumia gia nzito sio breki.

Ya pili ni kupitia barabara ya Tukuyu, unakata Isyonje kuelekea Makete. Haina drama za kona na ndio ninayowashauri wenye gari za kawaida, ila uliza hali yake kabla hujatoka.

Usafiri wa umma upo kwenda Matamba na Makete, lakini ukishafika huwezi kuizunguka hifadhi bila gari, miguu mizuri au bodaboda uliyoelewana naye bei kabla hamjaondoka.

Baridi ikoje kwani?

We unatoka Tanga au Mombasa? Beba kila kitu ulichonacho. Koti la mvua, sweta mbili, soksi nzito, kofia, buti ambazo haziingizi maji. Hata mwezi wa pili asubuhi inaweza kuwa na jua la kuchoma ngozi, saa sita ukungu, saa nane mvua ya mawe. Jua la huko juu linaunguza bila wewe kusikia joto, kwaiyo na mafuta ya jua beba, weusi wetu hausaidii sana pale. Siku ya kwanza ukipanda kilima utahema zaidi ya kawaida, ni mwinuko tu, nenda polepole kunywa maji.

Kulala na kula?

Gesti za kawaida Matamba, safi za kutosha, maji ya moto unaletewa kwenye ndoo. Kambi ndani ya hifadhi ipo kwa mwenye hema lake na mfuko wa kulalia wa maana, ule wa kuuza Kariakoo elfu thelathini hautakufikisha asubuhi. Wengine wanalala Mbeya wanaenda na kurudi siku hiyo hiyo, inawezekana lakini unakuwa umeendesha gari kuliko ulivyotembea. Chakula ni viazi, maharage, ugali, kuku wa kienyeji, na chai ya tangawizi ambayo huku ni dawa.

Malipo?

TANAPA hawapokei keshi getini, unalipa kwa namba ya malipo au kadi. Mtandao huko ni wa kuvizia, kwaiyo maliza mambo ya malipo ukiwa bado chini. Watanzania na watu wa Afrika Mashariki mnalipa kwa shilingi na bei yenu ni ndogo, beba kitambulisho. Wageni wengine ni dola. Viwango vinabadilika, siviandiki hapa.

Naweza kutembea mpaka Ziwa Nyasa?

Ndio, na ni moja ya matembezi mazuri ya nchi hii. Unaanza uwandani kwenye maua na baridi, unavuka ukingo wa Livingstone, unashuka msitu, unashuka tena mashamba ya migomba, unatokea Matema ufukweni kwenye joto. Unashuka zaidi ya mita elfu mbili kwa jumla kwaiyo magoti ndio yatakayolia. Lazima mwongozaji anayeijua njia, lazima taarifa ofisini kabla, na usikubali mtu akikwambia ni nusu siku, labda yeye.

Watoto na wazee wanaweza?

Wanaweza, uwanda wenyewe ni mwepesi na bonde la Numbi halina mpando wa kutisha. Watoto ndio wanaona okidi wa kwanza, wako karibu na ardhi. Waambie tu sheria moja, ua linaangaliwa halichumwi, hata lile moja la kumpelekea bibi.

Naweza kuja na mbwa wangu? Na droni?

Mbwa hapana, hifadhi ya taifa hairuhusu wanyama wa kufugwa. Droni mpaka uwe na kibali, na kibali kinaombwa mapema, sio pale getini huku umeshaitoa kwenye boksi. Simu yako inatosha, tena ilaze chini kabisa kwenye majani uipige ile okidi ikiwa juu na mawingu nyuma, ukiipigia kwa juu inatoka jani tu alafu unaniandikia kwamba hukuona maua.